UDONGO KWANZA, UKOKA BAADAYE



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mahindi wala maharage. Tunazungumza juu ya majani. Si majani ya kulisha ng'ombe. Ni ukoka wa kupanda mbele ya nyumba, mbele ya zahanati na katika viwanja vya shule.

Labda utacheka. Utasema, "Kila msimu nang'oa ukoka shambani, leo naambiwa niupande?" Una haki ya kucheka. Shambani ukoka ni adui. Lakini mahali pasipolimwa ukoka ni rafiki. Unashika udongo usichukuliwe na maji. Unapunguza vumbi. Mtoto akianguka juu yake hachubuki magoti.

Nenda ukasimame mbele ya nyumba yako. Tazama pale matone ya mvua yanapoanguka kutoka batini. Je, kuna mfereji? Je, mawe ya msingi yanaonekana kuliko zamani? Mawe hayakupanda juu. Udongo ndio ulioondoka.

Hebu tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya bati lenye mita 1 kwa mita 1, inatoa lita 1 ya maji. Sasa chukua nyumba ambayo paa lake limefunika mita 8 kwa mita 6. Hizo ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 30 si mvua ya ajabu wakati wa masika. Mvua hiyo itatoa lita 1,440 juu ya paa hilo. Debe moja ni lita 20. Basi hayo ni madebe 72. Kama paa lina migongo miwili, madebe 36 yanaanguka mbele ya mlango wako na madebe 36 nyuma ya nyumba. Ni mvua moja tu hiyo. Udongo mtupu, unaofagiliwa kila asubuhi, utastahimili mvua ngapi za namna hiyo?

Wenzetu wa Kondoa wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu waliuita HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeharibika sana kwa makorongo. Haikuwa amri rahisi kwa wafugaji. Lakini majani yalipopata nafasi yaliota tena na kuifunika ardhi. Kiwanja chako ni kidogo, lakini maji yanakichimba kwa njia ile ile.

Wapo watakaosema, "Sisi tunafagia kiwanja ili nyoka aonekane." Hiyo ni sababu nzuri, nami siipingi. Acha njia iliyofagiliwa kuzunguka nyumba, na ukoka uukate uwe mfupi wakati wote. Nyoka hujificha kwenye majani marefu na kwenye vifusi.

KOSA LETU

Nataka kukueleza kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki.

Shule moja ya msingi ilitaka kupanda ukoka mbele ya madarasa. Mahali hapo palikuwa na mteremko, na maji yalikuwa yamekwisha kula udongo chini ya ukuta wa darasa la tatu. Wazazi walikubali kujitolea. Walikuja na majembe, mabeleshi na matoroli. Mimi nilikuwa mshauri wao.

Siku ya kwanza tulisawazisha. Tulikwangua udongo wa juu na kuutupa bondeni. Ulikuwa mweusi, una mizizi na majani makavu. Tuliuona ni uchafu. Tulipofika kwenye udongo mwekundu tulifurahi sana. Ulikuwa sawasawa kama sakafu. Siku ya pili tulipanda. Akina mama walileta ukoka kutoka mtoni, wameubeba kichwani, mafungu kwa mafungu.

Mvua ilinyesha na ukoka ulichipua. Tulipongezwa. Mvua zilipokwisha ukoka uligeuka manjano. Kiangazi kilipofika katikati ulikuwa umekufa, isipokuwa vishina vichache karibu na bomba. Tulilaumu jua. Wengine walilaumu mbuzi. Mbuzi wana makosa yao, lakini hilo halikuwa lao.

Siku moja mzee mmoja wa kijiji alipita pale na jembe lake begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, Bwana Shamba." Kisha akainua jembe akapiga chini, pale tulipopanda. Jembe liliruka.

"Bwana Shamba," akasema, "hapa mmepanda juu ya tofali."

Sikuwa na jibu. Akaniuliza, "Ule udongo mweusi mliupeleka wapi?" Nikamwonyesha bondeni kwa kidole. Na pale bondeni, juu ya udongo tulioutupa, ukoka ulikuwa umeota wenyewe. Ulikuwa wa kijani, kiangazi kile kile. Hakuna mtu aliyeupanda.

UDONGO WA JUU NI MALI

Udongo wa juu ndio wenye uhai. Mahali pengi hauzidi shubiri moja kwa unene. Ndani yake mna minyoo, wadudu wadogo, mizizi iliyooza na majani yaliyooza. Vitu hivyo vinaufanya uwe na matundu. Maji huingia katika matundu hayo, na hewa pia. Mizizi inahitaji vyote viwili.

Udongo wa chini kwa kawaida umeshikamana. Una chakula kidogo cha mimea. Mizizi ya ukoka ikifika hapo hukata tamaa na kutambaa juu juu. Wakati wa mvua huoni tofauti yoyote. Kiangazi ndipo unapoiona, kwa sababu udongo wa juu juu hukauka kwanza.

Basi, kama kiwanja chako kinahitaji kusawazishwa, fanya hivi. Kwangua udongo mweusi kwanza na uulundike pembeni. Sawazisha ule wa chini. Uvunje kwa sururu au jembe, usiuache kama sakafu. Halafu rudisha udongo mweusi juu yake. Ndiyo, ni kazi mara mbili. Atakuja mtu akuambie kwamba unapoteza wakati. Mwache aseme. Sisi tuliokoa siku moja tukapoteza mwaka mzima.

UJUE UDONGO WAKO

Kabla ya kuchimba kiwanja chote, chimba shimo moja. Kina chake kiwe sentimita 30, yaani futi moja. Lijaze maji. Acha maji yaingie ardhini, kisha lijaze mara ya pili. Hii mara ya pili ndiyo ya kuangalia. Maji yakiisha baada ya saa chache, udongo wako unapumua vizuri. Yakiisha haraka kama kwenye chujio, una kichanga kingi. Yakibaki mpaka kesho yake, chini pana tabaka gumu au pana mfinyanzi mwingi. Ukimaliza, fukia shimo hilo, watoto wasije wakavunjika miguu.

Kipimo kingine ni cha chupa. Tafuta chupa inayoonyesha ndani. Tia udongo mpaka theluthi ya chupa. Jaza maji na utie sabuni ya unga kidogo. Funga, tikisa sana, halafu iweke mezani na usiiguse. Mchanga hushuka chini upesi, kama dakika moja hivi. Tope laini hufuata baada ya saa chache. Mfinyanzi huchelewa siku nzima au zaidi, na maji hubaki machafu muda huo wote. Kesho yake utaona matabaka, moja juu ya jingine. Tabaka lililo nene kuliko mengine ndilo linalotawala udongo wako. Wanafunzi hupenda sana kipimo hiki. Mwalimu anaweza kupanga chupa tano dirishani, kila moja na udongo wa mahali tofauti, na watoto wakaona wenyewe.

Kuna pia vipimo vya maabara. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichopo Morogoro, na kituo cha utafiti cha Mlingano mkoani Tanga, vina wataalamu wa udongo. Kwa kiwanja cha nyumbani sidhani kama unahitaji kufika huko. Kwa uwanja mkubwa wa shule au wa kijiji inafaa kumwuliza afisa ugani. Ukiagizwa kupeleka udongo, usichote mahali pamoja. Chukua kidogo kidogo sehemu kumi au zaidi, kina cha jembe moja. Changanya katika ndoo safi, kisha upeleke kama nusu kilo. Ndoo iliyobeba mbolea au majivu itadanganya maabara.

DAWA YA UDONGO

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu mwenye udongo wa mfinyanzi husema, "Udongo wangu unanata, nitautilia mchanga." Analeta matoroli kumi ya mchanga na kuuchanganya. Kiangazi kikija, udongo unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Sababu ni rahisi. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hushikamana kama tofali. Ili mchanga usaidie, unahitajika mwingi mno, uushinde mfinyanzi kwa wingi. Ni nani mwenye nguvu na fedha za kubadili udongo wote wa kiwanja? Na mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, kwa sababu una chumvi.

Dawa ya mfinyanzi ni samadi iliyooza au mboji. Inatenganisha chembe za udongo, na maji yanapata njia. Jambo la kupendeza ni kwamba dawa ya kichanga ni hiyo hiyo. Katika kichanga samadi hushika maji yasikimbie. Kwa hiyo hata kama kipimo cha chupa kimekuchanganya, samadi haitakukosesha.

Lakini iwe imeoza kweli. Ishike mkononi. Samadi iliyooza ni nyeusi, ni laini, haina joto wala harufu kali. Huwezi kutambua tena kwamba ilikuwa kinyesi. Samadi mbichi huunguza mizizi, na huleta mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe. Mbolea ya kuku ina nguvu zaidi, basi itumie kidogo na iliyokaa muda mrefu. Maranda ya mbao na pumba za mpunga usichanganye yakiwa mabichi. Yakioza ndani ya udongo hutumia chakula ambacho ukoka ungekula, na ukoka hugeuka manjano. Yaweke kwanza kwenye lundo la mboji. Majivu ya jikoni yanafaa yakinyunyizwa kidogo tu. Chokaa usitie kwa kukisia. Hiyo ni dawa ya udongo wenye uchachu, na uchachu haujulikani bila kupimwa.

Sasa kiasi. Tandaza samadi unene wa sentimita 3. Kwa mita 1 ya mraba hizo ni lita 30, yaani debe moja na nusu. Kiwanja cha mita 10 kwa mita 10 kitahitaji madebe 150.

Najua umeshtuka. Nami nilishtuka nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza. Sasa fikiria uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 64. Kwa kipimo hicho utahitaji madebe 9,600. Kijiji gani kina samadi hiyo, na mashamba yale nini? Mimi sitamshauri mtu anyime mahindi samadi ili apendezeshe uwanja.

Kwa hiyo fanya kidogo. Anza na ukanda wa mita 2 au 3 mbele ya nyumba, pale maji ya bati yanapoanguka na kutiririkia. Nyumba yenye urefu wa mita 8, ukanda wa mita 2, ni mita za mraba 16. Hayo ni madebe 24 tu. Mwenye ng'ombe wawili anaweza kuyapata, na asiye na ng'ombe anaweza kutengeneza mboji kwa majani na takataka za jikoni. Uwanja wa mpira uanze na mbele ya magoli, ambapo ndipo panapochakaa. Sehemu nyingine chimba vifereji kila baada ya sentimita 30, weka samadi ndani ya vifereji tu, na hapo ndipo utakapopanda. Ukoka ni mtambaaji. Ukipewa mwanzo mzuri, utajaza nafasi zilizobaki wenyewe.

KUCHIMBA NA KUSAWAZISHA

Chimba na kuchanganya samadi kina cha shubiri moja, yaani kama sentimita 20. Karibu na ukuta usichimbe kina hicho, utafukua msingi. Wala usilundike udongo juu ya tofali za ukuta. Unyevu utapanda, na mchwa watapata ngazi. Chini ya mti mkubwa pia usichimbe. Utakata mizizi ya mti bure, na ukoka wenyewe haupendi kivuli.

Angalia hali ya udongo kabla ya kuchimba. Chukua konzi moja, uifinye. Ikiwa inatoa maji au inanata kama unga uliokandwa, ngoja. Udongo unaochimbwa ukiwa tope hukauka na kuwa mabonge magumu. Ikiwa ni kavu kama jiwe, mwagia maji jioni na uchimbe kesho yake. Inayofaa ni ile inayoshikana ukiifinya, na kuvunjika ukiigusa kwa kidole.

Ardhi iteremke kutoka ukutani kwenda nje. Kwa kila mita 1 ishuke sentimita 2. Piga kigingi karibu na ukuta na kingine mita 3 mbele. Funga kamba, iwe sawa kabisa. Ukitaka kujua kama iko sawa, tumia mpira wa maji unaoonyesha ndani. Maji katika ncha mbili za mpira hukaa usawa mmoja daima. Kisha pima kutoka kambani mpaka chini. Kwenye kigingi cha mbali udongo uwe chini kwa sentimita 6 zaidi. Pale matone ya bati yanapogonga, panga kokoto au mawe madogo. Ukoka mchanga hauwezi kustahimili pigo hilo.

Udongo uliochimbwa huvimba. Ukipanda siku hiyo hiyo, baadaye utadidimia na kufanya mashimo ya kutuama maji, na maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu. Ukanyagekanyage kwa miguu, hatua fupi fupi, kisha upitishe reki. Waite watoto, kazi hii wataifanya kwa kuimba. Mtu mzima akipita na unyayo wake ukazama kidogo sana, kama unene wa kidole, umefika. Ukizama mpaka kifundo, kanyageni tena.

ADUI ANAYEITWA NDAGO

Usipande mara moja. Nyeshea, au ngoja mvua ya kwanza, na uone kinachoota. Magugu yatatoka. Yapalilie juu juu, bila kufukua chini. Ngoja yaote tena, uyapalilie tena. Kila gugu unalolitoa sasa linakupunguzia kazi ya kuinama baadaye, maana ukoka ukishatambaa jembe haliingii tena.

Ndago ndiyo mbaya kuliko yote. Ukiivuta, majani hukatika na kukubaki mkononi. Chini huacha vijitunguu vyeusi vilivyofungana kwa nyuzi, na kila kimoja huota. Vifuate kwa ncha ya jembe na uvitoe vyote, uvianike juani mpaka vife. Ukinunua au kuletewa udongo kutoka mahali pengine, chunguza kwanza kama una vijitunguu hivyo. Nimeona kiwanja kizuri kikiharibiwa na toroli mbili za udongo wa bure.

Wakati wa kazi hii ni kiangazi. Wa pwani na kaskazini wanaotegemea vuli, mvua zao huanza karibu na Oktoba, basi samadi iwe imechanganywa mwezi mmoja kabla. Wenzetu wa Dodoma, Singida na Tabora wana muda zaidi, kwa kuwa mvua zao huja karibu na Novemba au Desemba.

Ile shule je? Mwaka uliofuata wazazi walikubali kuanza tena, na hilo lilinishangaza. Safari hii hatukugusa kiwanja chote. Tulichagua ukanda wa mita 3 mbele ya madarasa. Tulivunja ule udongo mwekundu kwa sururu. Kisha tulikwenda bondeni kuuchukua udongo wetu mweusi. Kuuteremsha kulikuwa kumetuchukua siku moja. Kuupandisha kulituchukua siku sita, na yule mzee alikuja kila siku kuhesabu matoroli. Tulichanganya samadi, tukakanyaga, tukangoja magugu mara mbili. Kiangazi kilipokuja ukoka ulipauka kidogo, lakini haukufa. Chini ya ukuta wa darasa la tatu mawe hayaonekani tena.

Mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kuchagua vipandikizi vya ukoka, kuvipanda, na kuvilinda na mbuzi mpaka vishike. Kwa sasa tafuta chupa, chimba shimo lako moja, na uanze kulundika samadi.